Mrija wa Kwanza

Mideva aliokoka mara tatu, na mara zote tatu watu walimpigia makofi. Kanisa lao la mabati pale Kianda, Nairobi, lilikuwa na makofi ya kumtosha kila mtu. Alikuwa akisimama mbele, kitambaa kichwani, anasema Bwana amemtoa kwenye pombe, pasta anamwekea mkono kwenye paji la uso, kina mama wanalia, halafu Jumanne au Jumatano anapita karibu na mlango fulani wenye harufu ya busaa na mambo yanarudi palepale. Mara ya tatu hata hakungoja Jumanne. Pasta hakumkasirikia. Alimwambia tu kwamba imani yake ni haba, aongeze maombi.

Aliyemsaidia alikuwa muuguzi wa zahanati, tena bila kukusudia, huku akimshona jeraha juu ya jicho. Annet ndiye aliyempeleka huko. Annet alikuwa dada mdogo wa mume wake, fundi wa cherehani, ambaye alikuja kutoka Webuye kukaa nao kwa muda na akajikuta analea watoto wa kaka yake siku ambazo mama yao hakuweza kusimama. Asubuhi ile alikuwa amemwokota Mideva kando ya reli, akamfunika kwa sweta yake mwenyewe na kumkokota mbele ya watu wote wa Kianda waliokuwa wakienda kazini.

"Huyu anakunywa kila siku?" muuguzi aliuliza.

"Siku yenye hakuna pombe, hakunywi," Annet alijibu.

Muuguzi alikata uzi. "Kuna watu hukutana. Wote walikuwa walevi. Wanakaa tu wanaongea, na hawalipishi. Sijui wako wapi siku hizi, lakini ulizeni kanisa moja upande wa Hurlingham."

Mukhwana, mume wa Mideva, alipoambiwa habari hiyo jioni, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Yeye alikuwa fundi wa viti vya sofa kando ya Ngong Road, mtu mpole, asiyepiga mke wala kutukana majirani, na upole wake ulimfaa kila mtu isipokuwa anayemtegemea. "Mkutano wa walevi?" alisema. "Walevi wakikutana si wanakunywa?"

Lakini kicheko hicho hakikudumu, kwa sababu wiki hiyohiyo baba yake mdogo, Mzee Wakoli, alipanda basi kutoka Webuye. Habari za reli zilikuwa zimemfikia. Hakuketi hata chai ikapoa. Alisema mbele ya Mideva, kana kwamba Mideva ni kiti, kwamba wakisikia tena ameonekana amelewa, atafungiwa nguo zake kwenye gunia arudi kwao Vihiga. Watoto, Marvin na Christine, watabaki kwa baba yao. Mukhwana alitazama sakafu. Mideva naye alitazama sakafu, na hapo chini macho yao hayakukutana.

*

Kule Hurlingham, askari wa lango la kanisa alimtazama viatu kwanza.

"Wa kufua wanapitia nyuma," alisema.

"Sikuja kufua."

"Wa kupika pia wanapitia nyuma."

Mideva alikuwa ametembea kutoka Soko la Toi, ambako alikuwa akiuza sweta za watoto za mitumba, na alikuwa ameomba jirani amwangalizie meza. Alichoka kuzungukazunguka. "Nimekuja mkutano wa walevi," alimwambia, kwa sauti ambayo hata mama aliyekuwa akishuka garini aliisikia. Askari akafungua lango. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba mtu wa kwanza kuambiwa ukweli na Mideva alikuwa bawabu.

Ndani watu walikuwa wema, na hilo nalo lilimchosha. Walimpa kiti cha mbele, walimpa chai na biskuti, wakaongea Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Mwanamume mmoja mwenye tai alilia. Mideva alitamani kujua analia nini, kwa sababu alilia vizuri, lakini maneno yalimpita juu ya kichwa. Mwishoni mtu aliyeketi nyuma yake aliinama. Alikuwa Kiragu, dereva wa tajiri mmoja wa mtaa huo.

"Mama, kuna chochote umeshika?"

"Nimeshika biskuti."

Kiragu alicheka kwa pua. "Hata mimi nilianza na biskuti. Sikiza. Tuko na yetu ya Kiswahili kule Gatina, Kawangware. Kila Saturday baada ya lunch, kwa ile nasari iko nyuma ya posho mill. Lakini huko chai ni ya rangi."

*

Gatina haikuwa karibu. Ilibidi apande hadi Ngong Road, avuke Dagoretti Corner, ashike Barabara ya Naivasha, na huo ulikuwa mwaka wa mvua za El Nino, vichochoro vyote vya Kawangware vimegeuka uji. Alifika na viatu mkononi. Darasani kulikuwa na viti vya watoto wadogo, na juu ya viti hivyo walikuwa wamekaa watu wazima, magoti karibu na videvu, chini ya picha za ng'ombe, kuku na gari la moshi.

Walipomwambia anaweza kusema kama anataka, alisimama upesi. Kazi hii aliijua. Alisalimia kwa jina la Bwana, akainua mkono mmoja, akaeleza jinsi alivyokuwa gizani na jinsi alivyotolewa, jinsi chupa ilivyowekwa chini ya miguu yake. Alimalizia kwa sauti ya juu na kungoja makofi.

Hakuna aliyepiga.

"Asante," alisema mama mmoja mnene aliyeketi karibu na dirisha. Huyo alikuwa Wacera, muuza githeri ya mahindi na maharagwe wa hapohapo Gatina. "Sasa wewe mama, ya mwisho ulikunywa lini?"

Mideva alitazama picha ya kuku. "Jana jioni."

Wakacheka wote, na Kiragu akapiga goti lake. Mideva alikuwa amechekwa sana maishani, Kianda nzima, sokoni, hata na watoto wa shule, na alijua aina zote za kicheko cha namna hiyo. Hiki hakikuwa mojawapo. Walicheka kama watu waliowahi kukamatwa kwa kosa lilelile. Akajikuta anatabasamu, na akaketi.

"Basi hiyo ndiyo ya kuanza nayo," Wacera alisema. "Hiyo ingine pelekea kanisa, huko wanaipenda. Hapa hatupigi makofi."

Kisha Wacera akaeleza habari zake mwenyewe. Zamani alikuwa akienda kunywa na mtoto mgongoni. Siku moja alimlaza juu ya meza ya baa, akamsahau, akaenda zake. Alilisimulia jambo hilo kwa sauti ileile aliyotumia kuuzia githeri. Mideva hakuwa amewahi kusikia mwanamke akisema kitu kama hicho bila kulia au kusukumwa na mtu.

"Ukafanya nini?" aliuliza.

"Nikarudi nikamchukua, alikuwa analala tu. Halafu nikaenda kunywa tena, juu ya aibu." Wacera alivuta kiti chake kidogo karibu. "Usiahidi mtu mwaka. Hapa hakuna mwenye anajua maneno ya mwaka. Leo usionje. Kesho ukiamka, usionje. Ya kumi haina makosa, ni ile ya kwanza inakumaliza. Umeskia?"

Mideva alisikia. Alirudi Kianda kwa miguu, matope hadi kwenye mashavu ya miguu, akapita ule mlango wenye harufu, akapita tu. Hakusikia malaika wala kinanda. Alisikia njaa, akafika nyumbani akala ugali baridi.

*

Akashika njia hiyo kila Jumamosi. Meno yalimgongana, usingizi ulimkimbia, jasho lilimlowesha mpaka Annet akamfulia shuka mara mbili kwa wiki, lakini hakuonja. Na kama ilivyo Kianda, siku alizolewa hakuna aliyeshangaa, ila alipoacha kulewa watu wakaanza kuuliza maswali. Ikasemekana ana mtu Kawangware. Ikasemekana amejiunga na dini ya watu wanaokaa kwenye viti vya watoto.

"Unaenda kuambia Wakikuyu na Wajaluo siri za nyumba yangu?" Mukhwana alimuuliza usiku mmoja, kwa upole wake uleule.

"Siri gani, Baba Marvin? Nilikokotwa hapa mchana kweupe. Hata mbwa wa mtaa wa Olympic wanajua."

"Lakini kusema kwa mdomo wako, mbele ya wanaume."

"Kumbe kulala kwa reli ndiyo ilikuwa heshima."

Hakuwa amemjibu hivyo miaka mingi, akiwa na akili zake. Mukhwana alijigeuza ukutani. Baada ya muda akauliza, "Na hao wanaume wanasema nini?"

"Wanasema vile walifanya. Wakimaliza wanakunywa chai ya rangi."

*

Halafu posa ya Annet ikaja.

Kijana aliitwa Billy, mtu wa kuweka nyaya za umeme kwenye majengo, na baba yake, Mzee Murunga, alikuwa fundi wa mawe aliyeishi Kawangware tangu ujana wake. Wazazi wa Annet walikuwa wamefariki, kwa hiyo nyumba ya Mukhwana, chumba kimoja na pazia katikati, ndiyo iliyokuwa nyumba ya bibi harusi. Wageni wangekuja Jumamosi. Mzee Wakoli angetoka Webuye kuwapokea.

Na pombe ingekuwepo. Kwa watu wa Mukhwana, wageni wa posa huwekewa chungu cha busaa katikati ya nyumba, na hawakigusi kabla mama wa nyumba hajavuta mrija wa kwanza mbele ya macho yao. Ndiyo namna yake ya kuwaambia kwamba kilichomo humu ni kile ninachokunywa mimi. Akishavuta akameza, wageni hucheka na kusogeza viti. Asipovuta, hakuna mtu anayehitaji kuelezwa maana yake.

Mideva alimwambia mumewe mapema, siku nyingi kabla, ili asiseme alishtukizwa. Atapika, atafagia, atapiga magoti akinawisha wageni mikono. Mrija hatavuta.

Kwa haki, Mukhwana alilifikiria jambo hilo. Alilala nalo. "Nitavuta mimi," alisema asubuhi. "Nitawaambia una vidonda vya tumbo."

"Usiwaambie vidonda. Vuta tu."

"Nitavuta."

Annet alipopewa habari hiyo alikuwa akipinda ukingo wa gauni lake, pini mdomoni. Akazitoa moja moja. "Brathe? Mbele ya Uncle Wakoli? Mama Marvin, huyo mbele ya Uncle hata kukohoa anaomba ruhusa."

"Amesema atavuta."

"Haki usiniangushe." Annet hakuinua macho. "Sijawahi kukuomba kitu. Nimeosha watoto wako, nimekuosha wewe. Sikuwahi kusema. Ni kidogo tu, ata usimeze sana."

Mideva alishika ncha ya gauni. Hakuna deni maishani mwake lililokuwa zito kuliko hilo, na alilijua lote. Alitamani angekuwa mtu wa kuonja kidogo. Wako watu wa namna hiyo, aliwaona, wanavuta mara moja wanapangusa midomo na kuanza kuongea habari za mahindi. Yeye alijua kwamba akivuta Jumamosi, Jumapili atakuwa kwenye ule mlango, na Jumatatu Mzee Wakoli atakuwa anatafuta gunia. "Kwa Billy nitakufulia, nitakupikia, nitakubebea maji mpaka uzeeke," alisema. "Hilo moja siwezi."

Annet alirudisha pini mdomoni, akaendelea kushona.

*

Wageni walikula vizuri. Mideva alikuwa amepika kuku wawili na mboga ya kunde na ugali wa kutosha kanisa. Shangazi ya Billy, mwanamke mwenye macho ya kupima, alisifu mchuzi. Mzee Murunga aliongea kidogo, maneno ya mvua na barabara zilizokatika. Billy alitazama viatu vyake. Mlango ulifungwa kwa sababu ya askari wa chifu, ambao wangeipeleka busaa kituoni na kuinywa wenyewe, halafu Nereah, jirani wa nyumba ya pili aliyeipika, akaleta chungu kimefunikwa kwa majani ya mgomba na kukiweka katikati.

Harufu ikajaa chumba. Mideva alikuwa ameketi mkekani karibu na pazia, na mate yalimjaa mdomoni kabla hajajua. Akayameza. Hakuna aliyeona.

Nereah akasimamisha mirija ya wageni chunguni, kisha akachovya mrija wa kwanza, akaukoroga, akauelekeza kwa Mideva. Mukhwana akajongea na kunyoosha mkono.

"Leo nitavuta mimi," alisema.

Mzee Wakoli alicheka kwanza, akidhani ni utani. Kisha hakucheka. "Wewe? Umekuwa mama wa hii nyumba lini?"

"Mke wangu, kidogo, tumbo lake..."

"Tumbo limepika kuku wawili na kubeba sufuria tangu asubuhi." Mzee aliwageukia wageni kwa tabasamu la kuomba radhi. "Vijana wa Nairobi. Mukhwana, keti. Usitufanye tuonekane watu wasio na wanawake."

Mkono wa Mukhwana ulibaki hewani kidogo. Mideva aliutazama mkono huo kama mtu anayetazama basi lake. Kisha ukarudi, ukakaa juu ya goti la mwenyewe.

"Mama Marvin," Mukhwana alisema, akitazama sakafu. "Vuta tu. Kidogo."

"Hapana, Baba Marvin."

Alisema polepole, lakini chumba kilikuwa kimoja. Shangazi ya Billy alisukuma sahani yake mbali, ijapokuwa ilikuwa imebaki mifupa mitupu. Mzee Murunga akaondoa mkono wake juu ya mrija wake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayeondoa mkono karibu na moto. Nereah alianza kusema kwamba yeye ndiye aliyeipika na ni safi kabisa, akamwona Mzee Wakoli anamwangalia, akanyamaza.

"Mama," Mzee Wakoli alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya baraza. "Unataka kuwaambia hawa watu nini? Kwamba tumewawekea kitu?"

Nyuma ya pazia Annet alianza kulia. Mideva alimsikia, na kilio hicho kilimchoma kuliko maneno yote ya mzee. Njia zilikuwa mbili tu. Angevuta, na kila mtu angecheka na kusogeza viti. Au angenyamaza, na jina la muua watu lingemfuata Annet mpaka kwa watoto wake. Akaona kwamba zote mbili wamemtengenezea wengine, na hasira ikampanda, hasira safi ambayo hakuwa ameionja siku nyingi. Akasimama.

"Mzee Murunga, hakuna kitu ndani ya hicho chungu," alisema. "Mimi sivuti kwa sababu mimi ni mlevi."

"Keti chini," Mzee Wakoli alisema.

"Nikivuta huo mrija mmoja, siwachi. Nitamaliza changu, nimalize chenu, niende kutafuta kingine. Huyu msichana mnakuja kuchukua ndiye aliniokota kwa reli. Ndiye ameosha watoto wangu nikiwa nimelala na matapishi. Mkitaka kujua ni mtu wa aina gani, ni wa aina hiyo. Pombe ni ya Nereah na ni safi. Mukhwana avute, Mzee Wakoli avute, mtaona."

"Nyamaza. Unatuvua nguo mbele ya wageni."

"Ni zangu navua, Mzee. Zenu ziko."

Mzee Wakoli alisimama pia. "Kesho asubuhi unapanda basi. Umesikia? Nguo zako kwa gunia, urudi kwenu Vihiga."

"Mlisema nikilewa nitarudishwa." Mideva hakupandisha sauti. "Leo sijalewa, na bado mnanirudisha. Sasa mniambie mbele ya hawa wageni mnataka nini. Ninywe au nisinywe?"

Mvua ilianza kugonga mabati.

Mzee Murunga aliinuka, akachukua kofia yake. Watu wake wakainuka pia, mirija ikabaki chunguni. "Tutatuma neno," alisema kwa Mzee Wakoli. Mlangoni alimpita Mideva, akasimama, akamtazama usoni. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mzee."

Aliitikia kwa kichwa. "Asante kwa kuku," akasema, akatoka mvuani.

*

Mkutano ulikuwa umekwisha alipofika Gatina jioni hiyohiyo. Nasari ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Akamkuta Wacera chini ya turubai lake, akipakua githeri kwa makanika wawili, na akasimama pembeni, maji yakimchuruzika kwenye viwiko, mpaka wakaenda zao.

Wacera alimnusa kabla ya kumsalimia. "Umekunywa?"

"Sijakunywa."

"Basi kula."

Akala. Akaeleza huku akitafuna, akiruka maneno, akirudi nyuma. Alitarajia kusifiwa kidogo, na hakusifiwa. Wacera alikoroga sufuria.

"Huyo msichana akikosa bwana, atakuchukia," alisema.

"Najua."

"Hiyo ni yako ya kubeba. Sisi hatuwezi kukubebea."

"Najua, Wacera."

"Na wakikufukuza?"

Mideva aliweka sahani chini. Hilo hakuwa amelifikiria barabara njia nzima, kwa sababu kila alipolikaribia aliona uso wa Christine. Sasa alilifikiria pale, na mvua ikivuja kwenye kona ya turubai. "Kwa nini mimi ndiye nitoke?" alisema, polepole, kama anayemuuliza mtu mwingine. "Nyumba ni yangu. Watoto ni wangu. Hata hayo mabati, la juu ya kitanda nilipigilia mimi."

Wacera alimwongezea mwiko mmoja. "Saturday uje mapema," alisema. "Utueleze vizuri, usile maneno."

*

Jumapili asubuhi gunia lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa kamba ya katani. Mzee Wakoli alikuwa ameketi juu ya stuli nje, koti limefungwa vifungo vyote, akingoja kumsindikiza hadi kwenye basi. Mvua ilikuwa imekatika. Majirani walikuwa wamepata kazi za ghafla za kufanya nje ya milango yao. Mukhwana alisimama ndani na Christine mkononi, na Marvin akimshika suruali.

Mideva aliangalia gunia. Aliinama akafungua kamba. Haikufunguka upesi kwa sababu mzee alikuwa amekaza, na yeye hakuharakisha. Akatoa gauni la kwanza, likiwa limekunjwa vibaya, akalikung'uta, akalitundika kwenye waya wa nguo uliopita mbele ya nyumba zote za mstari ule. Akatoa la pili.

"Mama, unafanya nini?" Mzee Wakoli aliuliza.

"Natoa nguo zangu. Zimepata unyevu."

"Mukhwana," mzee aliita. "Mwambie mke wako."

Kianda yote ilingoja. Mukhwana alihamisha mtoto kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mideva hakugeuka kumtazama. Alikuwa amekwisha kungojea mkono huo jana, na leo alikuwa na kazi. Akatundika sketi, leso, sweta la Toi lililokosa kifungo.

"Baba," Mukhwana alisema mwishowe. "Basi la Webuye ni la saa tatu. Nitakusindikiza mimi."

Halikuwa jambo kubwa. Kwa mtu mwingine lingekuwa neno la kawaida kabisa. Mzee Wakoli alimtazama mtoto wa ndugu yake kwa muda mrefu, akasimama, akachukua fimbo yake mwenyewe.

Walipokwisha kuondoka, Annet alitoka nyuma ya pazia. Macho yake yalikuwa yamevimba na nywele hazijachanwa. Alisimama akitazama zile nguo zote za wifi yake zikining'inia hadharani, hata zile ambazo mwanamke hutundika ndani.

"Billy hajatuma neno," alisema.

"Asipotuma mpaka jioni, nitaenda kwao Kawangware mwenyewe. Nitarudia kusema, na wakitaka nitasema tena."

"Si ungenyamaza tu. Mimi nimechoka na maneno yako." Annet alijipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Sijakusamehe, Mama Marvin."

"Najua."

Ndani ya gunia lilikuwa limebaki blanketi moja, zito, lililolowa upande mzima, na Mideva alilivuta akashindwa kulifikisha juu ya waya. Akajaribu tena. Annet alimwangalia akihangaika, kisha akaja, akashika ncha ya pili.

"Kamua kwanza," alisema. "Vuta huko kwako."